Kitovu cha Kioo

Ifrah mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stesheni mbele ya watu, na najua utaniambia, "Mum, don't cry, you're embarrassing me," kwa hiyo hapa sianzi na salamu. Saa hizi ni alasiri. Umeenda mjini kununua shuka na mto, nami nimekaa jikoni na kalamu yako ya shule. Mambo ya kufua, kupika na kufunga mlango sina la kukuambia. Wali unaujua, na siku ukikushinda utakula chipsi kama watu wengine wa huko Newcastle unakokwenda kusomea uuguzi.

Leo asubuhi ulisimama sebuleni na mswaki mdomoni ukaniuliza, "Where's your vase?" Nikakujibu, "Baadaye." Basi hii ndiyo baadaye. Chombo hakipo tena, na sababu yake ni jambo ninalolionea kinyaa tangu ulipokuwa na miaka kumi, na wewe mwenyewe umo ndani yake. Najua Kiswahili unakisoma kwa kutembeza kidole, midomo ikitikisika. Nenda polepole, hakuna anayekufukuza.

Ilianza kwa ujinga. Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili hapa Stechford, Birmingham, na Jumapili moja jirani akanipeleka kwenye uwanja mmoja upande wa Castle Vale, ambako watu walikuwa wakifungua buti za magari yao na kuuza vitu vya stoo. Mzee mmoja alikuwa na kijibakuli cha kioo cha rangi ya waridi, kina ndege wa miguu mirefu wa dhahabu na majani ya mianzi. Nikakishika. Akasema, "Japanese, love." Neno hilo ndilo lililonimaliza. Wewe umekulia huku, hujui, lakini kwetu Mombasa ukisema kitu ni cha Japani hakuna anayebishana nawe. Gari likiwa ex-Japan, maana yake limetumika kwao wenyewe kisha likaletwa, na watu wanaliona bora kuliko jipya la kwingine. Redio ex-Japan, friji ex-Japan. Nikalibeba bakuli langu kifua mbele, nikawa nawaambia akina mama wote wa msikitini, "Hili ex-Japan, orijino kabisa." Wallahi nilikuwa naliosha kama mtoto mchanga.

Miezi mingi baadaye nikamwonyesha muuzaji mmoja wa vitu vya kale. Alinicheka mpaka miwani ikamwanguka. Japani gani? Limetengenezwa Stourbridge, hapo tu, mwendo wa treni, zaidi ya miaka mia iliyopita, enzi za Victoria, Waingereza waliposhikwa na wazimu wa mambo ya Kijapani. Fundi aliyemchora yule ndege pengine hakuwahi kumwona hata siku moja. Nikamtazama vizuri ndege wangu, nikaona kweli, miguu yote miwili imetokea upande mmoja wa tumbo. Ungedhani ningeona haya nikaachana na mambo hayo. Thubutu! Hapo ndipo niliponogewa.

Nikaanza kuvitafuta vyombo vya namna hiyo. Maduka ya hisani yanayouza vitu vya kutolewa bure, masoko ya Jumapili, vipindi vya mchana vya televisheni vya vitu vya kale, vyote nilivimaliza. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza daktari panaponiuma, lakini nilijua kutofautisha dhahabu iliyochomwa kwenye kioo na rangi ya kupaka tu. Nikajifunza kukipindua chombo nikitazame chini. Kioo cha zamani, fundi alikishika kwa fimbo ya chuma, na pale fimbo ilipokatwa palibaki kovu. Fundi mzuri alilisaga mpaka pakawa kishimo laini cha duara. Wenyewe wana jina lao, sisi wawili tulipaita kitovu. Unakumbuka? Ukiwa na miaka saba ulikuwa ukiingia nyumba za watu na kupindua bilauri zao, ukisema kwa sauti, "Mama, hii haina kitovu!" Wakati ule nilicheka. Leo nikikumbuka nasikia aibu, maana nilikuwa nakufundisha kupindua vitu vya watu.

Kwenye maonyesho ya wapenzi wa vitu vya kale mjini nilimwona mwanamume mmoja mwenye koti zuri akigonga ukingo wa chombo kwa jino lake, ili ajue kama kimegandishwa kwa gundi. Mate yake yakabaki pale yakimetameta. Wiki mbili baadaye na mimi nilikuwa nagonga vyombo vya marehemu kwa meno yangu. Vya marehemu, ndiyo, kwani unadhani vilikuwa vinatoka wapi? Vilitoka kwenye nyumba za wazee waliokufa juzi, na sisi sote pale, tukichekeana na kushikana mikono, tulikuwa tunangoja wengine wafe. Ptuu! Na sura yangu ilikuwa katikati yao.

Hapa nyumbani nikakukataza kukimbia. Kabati la kioo likakaa pale ambapo ungechezea, na baba yako akawa anapita upande upande kama mgeni. Aliviita machupa. "Haya machupa yako," alisema, "siku moja yatatuambia tuhame sisi yabaki yenyewe." Nikanuna siku tatu.

Sasa nije kwa Bi Ivy. Kazi yangu unaijua, ndiyo hiyo hiyo mpaka leo, kwenda majumbani kwa wazee, kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa chai na dawa. Bi Ivy alikuwa Mjamaika aliyeishi peke yake Handsworth, kwenye zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, kichochoro kimoja tu kutoka Soho Road. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo hata kitambaa cha kuogea hakukiweza. Mimi kumwita Ivy hivi hivi, mwanamke wa umri wa mamangu, ulimi ulikataa, nikamwita Bi Ivy. Alipenda. Alidhani ni jina jipya nililompa. Yeye aliniita "daughter".

Likizo ile sikuwa na wa kukuachia, na ofisi ilikuwa imekataza watoto, lakini nilikuwa nakuchukua kwa siri. Tena ulikuwa mdomo wangu. Kiingereza changu kilikuwa "yes love" na "cup of tea", basi. Ulikuwa na miaka kumi na tayari umeshanitafsiria ofisi ya nyumba, mwalimu wako mwenyewe, na daktari wa wanawake, maneno ambayo mtoto hafai hata kuyasikia. Nilikuwa najisifu. Nilikuwa nasema, wangu anajua Kiingereza kama Malkia. Sikuwahi kujiuliza unajisikiaje ukibeba maneno ya watu wazima mdomoni kutwa.

Siku hiyo Bi Ivy alikuwa bafuni, amekaa kwenye kile kiti chake cha kuogea, nami nimeshampaka sabuni mgongo mzima. Akaniomba taulo safi chumbani kwake. Nikaenda. Kwenye dirisha, nyuma ya pazia, kulikuwa na chombo cha maua. Nilikuwa sijawahi kukiona, maana pazia lile halikuwa linafunguliwa. Juu kilikuwa chekundu kama pichi iliyoiva, kikififia kushuka mpaka waridi, na ndani cheupe kama maziwa. Maua ya dhahabu yalikuwa yamepanda ubavuni juu ya tawi moja lililopinda, na kipepeo mmoja peke yake, mabawa mazima, hakuna hata unywele wa dhahabu uliotoka.

Nikakipindua. Kitovu kipo, laini. Nikakigonga kwa jino.

Bi Ivy akaniita. Nilisikia, Ifrah. Nataka ujue kwamba nilisikia. Aliniita mara ya pili, sauti ikitetemeka kwa baridi, nami nimesimama pale nakizungusha chombo kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwacha bibi mzima na sabuni mgongoni, maji yakipoa, kwa sababu ya kipepeo. Niliporudi ngozi yake ilikuwa imesimama vipele vya baridi. Alisema tu, "Thank you, daughter," alipoliona taulo.

Nikamvisha, nikamkalisha, nikakuita kutoka kwenye televisheni. Nikakuambia: mwambie Bi Ivy hiki chombo ni kitu cha Japani cha juzi juzi, kinauzwa kila duka, hakina maana yoyote, ila mama ameipenda rangi yake. Mwambie mama atamletea kingine kipya, kizuri zaidi. Unaona ubaya wangu? Ule ujinga wangu wa ex-Japan, uliowafanya watu wanicheke, niliugeuza uongo, nikaupeleka kwa mtu anayeniamini.

Ulinitazama. Ukakichukua mikononi mwangu, ukakipindua, ukaniuliza, "Mama, si kina kitovu?"

Nikakuambia, "Nyamaza. Mwambie nilivyosema."

Ukamgeukia, ukasema naye kwa Kiingereza. Maneno yako yalikuwa mengi kuliko yangu, hilo nililiona, nikadhani unaongeza adabu. Bi Ivy alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi, kitambo kizuri. Halafu akasema, "Take it." Hayo niliyaelewa bila mkalimani.

Tulirudi kwa basi, ghorofa ya juu, chombo mapajani mwangu kimefungwa kwenye taulo lake. Hata taulo lake nililibeba! Nikakuuliza kama una njaa. Ukasema, "I'm fine." Nikakuuliza unataka kukaa dirishani. "I'm fine." Tangu siku hiyo mimi nasema Kiswahili, wewe unanijibu Kiingereza, na mambo yakaenda hivyo miaka yote hii. Niliwalalamikia akina mama wenzangu kwamba Birmingham imemla mtoto wangu ulimi. Nililaumu shule, televisheni, na watoto wa jirani. Wenzangu walinipoza, walisema watoto wote wa huku ndivyo walivyo, nami nikakubali haraka.

Bi Ivy nilimpelekea chombo kipya cha dukani, kinachometameta. Alikiweka sakafuni karibu na mlango. Baada ya miezi minne nikaiambia ofisi kwamba basi la Handsworth ni mbali, wanitafutie wazee wa upande huu. Haikuwa sababu ya basi, mwanangu. Nilishindwa kumwosha uso akiwa amefumbua macho.

Vyombo vingine vyote viliondoka kimoja kimoja, hamu ilikwisha kama homa inavyokwisha. Hicho kimoja sikuthubutu kukiuza wala kukirudisha. Kilikaa pale juu, wageni wakakisifu, na kila Ijumaa nilipokifuta vumbi niliisikia ile sauti ya bafuni. Haikuwa mapenzi, ujue. Ilikuwa kama kukaa na jino bovu.

Jumatatu hii ulijaribu sare yako ya uuguzi pale koridoni. Ukajizungusha ukauliza, "Do I look like a proper nurse?" Nikasema ndiyo, umependeza sana, halafu nikaingia chooni nikatapika. Uliuliza nimekula nini, nikasingizia samaki.

Siku mbili baadaye nikakifunga chombo, nikapanda mabasi mawili. Bi Ivy sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, hapo hapo Handsworth, nilimuuliza jirani yake wa zamani. Sikukuambia, maana ungekuja, na ungekuja ningekusukuma mbele unisemee. Hii ilikuwa yangu.

Amekuwa mdogo, Ifrah. Kiti kimembakisha kichwa na mikono. Lakini alinijua nikiwa bado mlangoni. Nikakaa, nikakifungua chombo, nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki hiki cha kugombana na ofisi ya nyumba. Nikasema, Bi Ivy, nilikudanganya. Hiki ni cha zamani, ni kizuri sana, na mimi nilijua. Mimi ni mwizi. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja kwa sababu ningesimama ningekimbia.

Akasema, "Najua. Mtoto aliniambia."

Nikamuuliza mtoto gani.

"Wako," akasema. "Aliniambia: mama anasema hakina maana, lakini si kweli. Ni cha zamani na ni kizuri sana. Usimpe."

Kumbe miaka yote hii mimi ndiye peke yangu sikujua yaliyosemwa chumbani mle. Wewe ulijua, yeye alijua, na mimi nilikibeba kwenye basi kama mshindi.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinipa? Akavitazama vidole vyake. Akasema ofisi ilikuwa imemletea watu watatu kabla yangu, na wote walimshika kama gunia. "Wewe ulikuwa na mikono mizuri," akasema. "Nikafikiri, nikimnyima hatarudi. Halafu nani angeniosha?"

Alinipa ili nisimwache. Nami nikachukua, na bado nikamwacha. Nimelijua neno kinyaa tangu utotoni, kinyaa cha panya, cha matapishi, cha choo cha stendi, lakini kinyaa cha mikono yangu mwenyewe nilikijua juzi, kwenye chumba kile chenye joto kali na harufu ya supu.

Nilisema mwanzoni sina maagizo, na hili silo agizo, ni jambo nililolipata kwa njia chafu na sitaki ulipate kwa njia hiyo. Utawaogesha watu. Watakuwa uchi mbele yako, maji yanapoa, na wewe ndiye umeshika taulo. Mtu wa namna hiyo akikupa kitu chake, hajakupa. Anakuomba. Na wewe mpe taulo.

Bi Ivy alikipokea chombo. Usidhani alinikumbatia, hakunikumbatia. Alimwita msichana wa pale, akamwambia akiweke mezani na atie humo vitana vyake na pini za nywele. Vitana vya chuma, Ifrah! Nikaona meno ya chuma yanapita juu ya ile dhahabu, na kabla sijajua nafanya nini mkono wangu ulikuwa umeshatoka, nikasema, "No, no, the butterfly!" Mkono ukabaki hewani. Bi Ivy akacheka mpaka akakohoa.

"Bado unakitaka," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. Nisingeweza kumdanganya mara mbili.

Nimemwahidi kurudi kila Jumamosi, si kwa kazi ya mtu. Alisema ataamini akiniona. Ana haki ya kutoniamini. Nilipokuwa navaa koti akaniuliza, yule mtoto bado anaongea ile lugha yenu? Alikuwa akiipenda, alisema, tulipokuwa tukizozana jikoni kwake ilikuwa kama redio nzuri chumba cha pili. Nikamwambia hapana, ameiacha. Hakuuliza kwa nini. Nilipokuwa kwenye basi nikirudi ndipo nilipolijua jibu. Uliniuliza swali la kweli kwa Kiswahili, nikakuambia nyamaza. Ukasema kweli kwa Kiingereza, na hakuna aliyekunyamazisha. Hata mimi ningechagua lugha hiyo.

Sikulaumu kwa kunificha. Ulikuwa na miaka kumi na mama ni mmoja, ungemwambia nani? Ila nasikia uchungu kwamba ulikaa na jambo hili meza moja na mimi, ukila wali wangu, ukinitazama nikikifuta kile kitu kila Ijumaa. Nisamehe. Nimelitafuta neno refu zaidi sijaliona.

Kesho stesheni utaniambia "love you, Mum", na naiamini, nimeizoea. Lakini kabla treni haijaondoka nakuomba kingine. Yale maneno uliyomwambia Bi Ivy, niambie mimi, kwa Kiswahili, hata yakikatika katikati, hata ukiyakosea. Mama anasema hakina maana, lakini si kweli. Usimpe. Nitazame machoni uniambie. Baba yako atashangaa, muache ashangae. Mimi sitakunyamazisha.

Na lile swali lako la siku ile nalijibu hapa, japo nimechelewa sana.

Ndiyo, mwanangu. Kilikuwa na kitovu.

Mamako